Kifuniko cha Boti ya Faiba Kinapobonyea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wamiliki, manahodha na mafundi wa boti za uvuvi za faiba wanaofanya kazi katika mialo ya Mwanza, kuanzia Kirumba, Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe. Unahusu jambo moja tu, nalo ni vifuniko vya sitahani, yaani vile vinavyofunika shimo la samaki na barafu, stoo ya nyavu au chumba cha injini, ambavyo baada ya miaka michache ya kazi huanza kulegea na kubonyea chini ya mguu. Anayetafuta maelekezo kuhusu mitumbwi ya mbao hatayapata hapa, kwa sababu ugonjwa wake ni mwingine na dawa yake ni nyingine.

Kifuniko changu kinabonyea nikikikanyaga, lakini hakina ufa wowote. Tatizo liko wapi?

Liko ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Vifuniko vingi vya boti za faiba havikutengenezwa kwa faiba tupu, bali vina ganda jembamba la juu, ganda jembamba la chini na kiini chepesi katikati, ambacho huweza kuwa plaiwudi, mti mwepesi wa balsa au povu gumu. Kila ganda huwa na unene wa milimita tatu au nne, na likiwa peke yake lingepinda kama karatasi ya kalenda. Ugumu wa kifuniko hutokana na maganda hayo mawili kutenganishwa na kiini na wakati huohuo kushikanishwa nacho, kiasi kwamba ukikanyaga, ganda la juu hubanwa na la chini huvutwa, nacho kiini kinayazuia yasiteleze kila moja upande wake. Kiini kikioza, au kikiachana na ganda hata kama hakijaoza, hubaki na ngozi mbili zisizosaidiana. Ndiyo maana kifuniko kinaweza kubonyea huku rangi yake inang'aa.

Maji yanaingiaje ndani ya kitu kilichofunikwa kwa faiba pande zote?

Huingia kwa matundu tuliyotoboa wenyewe. Katika vifuniko nilivyofungua, sikumbuki kimoja ambacho uozo wake haukuanzia kwenye bawaba, kishikio, komeo au tundu la skrubu ambayo mtu aliifunga siku moja ili kushika taa ya sola, kisha akaing'oa na kuacha tundu wazi. Kila mara kifuniko kinapofunguliwa na kubamizwa, skrubu hucheza kidogo, nafasi ya unyweleo hujitengeneza pembeni yake, na maji ya mvua, ya mawimbi na ya kuoshea sitaha huingia humo tone kwa tone bila kupata njia ya kutoka. Kwa kifuniko cha shimo la barafu kuna njia ya pili, kwa sababu upande wa chini hutoa jasho usiku kucha, na kama ganda la chini limekwanguliwa na makreti hadi nyuzi zinaonekana, unyevu hupenya polepole kutoka huko pia.

Hapa inafaa kusahihisha dhana moja inayorudiwa sana, kwamba maji ya ziwa ni laini na kwa hiyo hayaharibu boti kama maji ya bahari. Kwa vyuma ni kweli, kwa kuwa chumvi ndiyo hula chuma kwa kasi. Kwa mbao iliyofungiwa ndani ya faiba ni kinyume chake: fangasi wanaoozesha mti hustawi katika maji matamu, na chumvi kwa kiasi fulani huwazuia. Ziwa Victoria ni maji matamu, joto letu linawafaa fangasi mwaka mzima, na mvua za masika na vuli zinaongezea.

Nitajuaje ni eneo kubwa kiasi gani limeharibika kabla sijaanza kukata?

Chukua sarafu ya shilingi 200 na kipande cha chaki, kigeuze kifuniko upande wa chini, kisha gonga taratibu kwa mistari, sentimita tatu kwa sentimita tatu. Mahali pazima panalia kwa sauti kavu na ya juu, na sarafu inaruka kidogo vidoleni. Mahali palipoachana au kuoza panatoa sauti nzito na ya chini, kama unagonga boksi lenye nguo. Weka alama ya chaki kila sauti inapobadilika, kisha unganisha alama hizo. Mara nyingi utashangaa kuona mchoro unaanza kwenye bawaba na kusambaa kama doa la chai kwenye kitambaa.

Baada ya hapo toboa matundu machache ya majaribio kwa drili yenye ncha ya milimita sita, kutoka upande wa chini tu, na usimame mara unapopita ganda la kwanza ili usitokee juu. Tazama kinachotoka kwenye ncha ya drili. Unga mkavu wa rangi ya mti maana yake ni kiini kizima. Unga mweusi wenye unyevu, au maji yanayochuruzika, maana yake kiini kimekwisha. Endelea kutoboa kuelekea nje ya mstari wa chaki mpaka upate unga mkavu, na hapo ndipo mpaka wa kazi yako ulipo.

Je, siwezi kutoboa matundu na kusukuma rezini ndani kwa bomba la sindano bila kufungua?

Inawezekana katika hali moja tu: ikiwa kiini ni kikavu kabisa na kimeachana na ganda katika eneo dogo, tuseme ukubwa wa kiganja. Rezini, yaani ile gundi ya majimaji inayoganda na kuwa ngumu, haishiki kwenye mbao yenye maji, na haiwezi kusafiri ndani ya uozo uliojaa tope. Wanaojaribu hutumia kilo mbili za rezini, kifuniko kinakuwa kigumu kwa madoa, na sehemu zilizo kati ya madoa hayo huendelea kuoza.

Na kuongeza tabaka mbili za faiba juu yake?

Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe, tena mapema katika kazi hii. Nilisaga rangi ya juu, nikalaza mikeka miwili ya nyuzi za faiba, nikapaka rangi, na kifuniko kikawa kigumu kama sakafu. Kabla ya masika kwisha boti ilirudi mwaloni na tajiri akasimama juu ya kifuniko kilekile, akakibonyeza kwa kisigino mara mbili, akaniuliza, "Fundi, hiki si ulishakitengeneza?" Nikamjibu, "Nilikifunika, tajiri. Leo ndiyo nitakitengeneza." Nilipokifungua, maji yalimwagika mchangani. Nilikuwa nimeyafungia ndani pamoja na uozo wake, na uzito wa faiba mpya ulikuwa umeongeza mzigo kwenye bawaba, ambazo zilizidi kucheza na kuingiza maji mengi zaidi.

Nifungue kutoka juu au kutoka chini?

Fungua kutoka chini kila inapowezekana, na kwa kifuniko kinachotoka kwenye bawaba zake inawezekana karibu siku zote. Ganda la juu lina jelikoti, yaani tabaka la nje linalong'aa, lina mchoro wa kuzuia kuteleza, na ndilo linalopigwa na jua na miguu. Ukilikata, utalazimika kurudisha vyote hivyo, na utabaki na kiungo upande unaopokea maji. Upande wa chini hauonekani, na kiungo chake hakinyeshewi.

Fungua kutoka juu ikiwa tu ganda la juu lenyewe limepasuka au kuchanika.

Nikatapo ganda la chini, la juu halitajikunja?

Litajikunja, na swali hili ndilo linalotenganisha kifuniko kitakachokaa vizuri na kile kitakachovuja maisha yake yote. Kifuniko kilichotengenezwa vizuri si bapa. Kina mgongo mdogo katikati ili maji yateremke pembeni. Ukishaondoa ganda la chini na kiini, lililobaki ni ngozi inayofuata umbo la mahali ilipolazwa, na ukiweka kiini kipya wakati ngozi imelala kwenye meza iliyopinda, upindo huo utagandishwa humo milele.

Njia ninayoipenda haigharimu kitu. Tafuta kivuli, tandaza mchanga wa ziwani uliochekechwa kokoto, unene wa sentimita kumi au zaidi, uloweshe kidogo ili ushike umbo, kisha tandika karatasi ya nailoni juu yake. Kabla hujakata chochote, laza kifuniko kizima kikiwa kimegeuzwa, uso wake wa juu ukitazama mchanga, kisha kisukume huku ukikitikisa taratibu hadi mchanga ujae kila mahali chini yake. Sasa mchanga umechukua umbo la mgongo wake. Kata, safisha, jaza na laminisha (yaani jenga matabaka ya faiba na rezini) bila kukiondoa kwenye kitanda hicho, na ikiwa ni lazima kukiondoa wakati wa kusaga, weka alama mbili za rangi kwenye kifuniko na kwenye nailoni ili kirudi mahali pake. Tahadhari pekee ni kwamba punje ya mchanga isipande upande wa kazi, kwa hiyo nailoni iwe pana kuliko kifuniko kwa nusu mita kila upande.

Ukataji wenyewe unafanyikaje?

Pima kwanza unene wa ganda kwenye yale matundu ya majaribio, kisha kata kwa grainda yenye diski nyembamba au msumeno wa umeme uliofungwa kina hichohicho, ili usiguse ganda la pili. Acha ukingo wa sentimita nne kuzunguka pande zote bila kuukata. Ukingo huo ndio unaobeba kifuniko juu ya fremu ya shimo, na ndio utakaoushikilia mkeka mpya. Ganda likishakatwa, libandue kwa patasi pana. Mahali palipooza litatoka kama ngozi ya ndizi mbivu. Mahali pazima litagoma, nawe utalazimika kugonga patasi kwa nyundo huku ukiishikilia ikiwa imelala.

Kiini kilichooza hukwanguliwa kwa mkono. Usione huruma kwa vipande vinavyoonekana vizima vilivyozungukwa na uozo, kwa sababu viko hivyo kwa muda tu. Ingiza patasi pia chini ya ule ukingo ulioachwa, kwani uozo hupenda kujificha pale.

Kikauke kwa muda gani?

Mpaka kikauke. Kwa jua la kiangazi, yaani Juni hadi Agosti, siku mbili au tatu zinaweza kutosha ikiwa kiini chote kimeondolewa. Ikiwa umebakiza sehemu ya kiini kizima pembeni, subiri zaidi, kwa kuwa unyevu husafiri kutoka humo. Kipimo rahisi ni kubandika kipande cha nailoni angavu kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote nne na kukiacha juani kwa saa chache. Ukikuta ukungu wa maji upande wa ndani, bado.

Wavuvi wa dagaa wana ratiba nzuri kwa kazi hii bila kujitafutia likizo. Mbalamwezi inapokuwa kubwa taa hazivuti dagaa, boti hulala mwaloni kwa siku kadhaa, na siku hizo zinatosha kufungua, kukausha, kujaza na kufunga kifuniko kimoja au viwili, mradi vifaa vyote vimenunuliwa kabla.

Kiini kipya kiwe cha nini?

Povu gumu la PVC linalotengenezwa mahsusi kwa boti ni zuri, halinywi maji wala kuoza, lakini bei yake ni ya juu. Balsa iliyokatwa nyuzi zikiwa zimesimama wima ni nyepesi na ngumu sana, ila ikipata maji inaoza haraka. Kwa boti ya kazi, ambayo kifuniko chake hukanyagwa na watu wawili waliobeba tenga la samaki, mimi huchagua plaiwudi ya baharini, ingawa ni nzito zaidi, kwa sababu inavumilia kubamizwa na fundi yeyote anaweza kuikata.

Plaiwudi iliyoandikwa kuwa ni ya baharini si lazima iwe hivyo kweli. Kata kipande cha ukubwa wa kiberiti, kichemshe kwenye sufuria kwa saa tatu au nne, kisha kikaushe na ujaribu kukibandua kwa kisu. Gundi nzuri itashika na mti ndio utakaochanika; gundi ya plaiwudi ya kabati itaachia matabaka yakiwa bado ndani ya maji.

Kuna kitu kimoja ambacho lazima nikitaje kwa jina, kwa kuwa kinapatikana bure Mwanza na kinashawishi: yale maboksi ya povu jeupe yanayotumika kusafirishia minofu ya samaki, au povu la ndani ya katoni za televisheni. Povu hilo huyeyushwa na rezini ya poliesta. Dondoshea tone moja juu yake uone. Ndani ya dakika chache utapata shimo na utomvu unaonata. Mtu aliyefunga povu hilo ndani ya kifuniko amefunga hewa.

Rezini ipi inafaa, poliesta au epoksi?

Epoksi hushika vizuri zaidi kwenye faiba ya zamani na kwenye mbao, na haipitishi unyevu kwa urahisi. Poliesta ni nafuu, mafundi wengi wameizoea, na kwa kifuniko kilichoandaliwa vizuri inatosha. Ukichagua epoksi, tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa badala ya mkeka wa nyuzi fupi, kwa sababu gundi inayoshikilia nyuzi za mikeka mingi hulainishwa na kemikali iliyomo kwenye poliesta, na epoksi haina kemikali hiyo. Mkeka hubaki mkavu katikati na kukataa kulala kwenye kona. Kumbuka pia mpangilio: epoksi hushika juu ya poliesta iliyokauka na kusagwa, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Ukianza na epoksi, maliza nayo.

Hadina, yaani kigandishi cha rezini, iwekwe kiasi gani?

Kwa poliesta, kiasi cha kawaida ni kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa rezini, yaani takriban mililita 10 hadi 20 kwa kilo moja. Kwa joto la mchana la Mwanza anza na kiasi cha chini. Mafundi wengi hupima kwa kifuniko cha chupa ya maji, na sina ugomvi na kifuniko hicho, ila kila kimoja kina ujazo wake. Kijaze maji mara moja, yavute kwa bomba la sindano usome mililita, kisha ukitunze hichohicho kwa kazi yote. Changanya rezini kidogokidogo, nusu kilo kwa mara moja, na uimwage kwenye chombo kipana kisicho na kina, kwa sababu rezini iliyojaa kwenye kopo refu hujipasha moto yenyewe, huganda kabla hujaitumia na huweza kufuka moshi.

Epoksi haifuati kanuni hiyo. Uwiano wake umeandikwa kwenye kopo, na kuongeza hadina hakuharakishi chochote bali hukuachia ulaini usiokauka.

Jambo la hatari: baadhi ya rezini za poliesta huuzwa bila kiharakishi, na muuzaji hukupa kichupa cha kobalti, kimiminika cha rangi ya zambarau. Kobalti huchanganywa kwanza na rezini hadi ienee kabisa, ndipo hadina hufuata. Kobalti na hadina zikikutana zenyewe kwa zenyewe, hata matone, huwaka au kulipuka. Usizihifadhi kwenye boksi moja, na usitumie chombo kimoja kuzipimia.

Nitumie msasa gani, na nisafishe kwa nini?

Osha kwanza kwa sabuni na maji, halafu ndipo usage. Wengi hufanya kinyume, na mafuta ya dagaa na ute wa sangara husukumwa na msasa hadi ndani ya mikwaruzo, ambako rezini haitashika tena. Baada ya kukauka, saga uso wa ndani wa ganda la juu kwa msasa namba 40 mpaka pasiwe na mahali panapong'aa. Ukingo wa sentimita nne uusage kwa mteremko, uwe mnene upande wa nje na mwembamba kabisa upande wa ndani. Kwa ganda la milimita tatu, mteremko huo ni mara kumi na mbili ya unene, kwa hiyo sentimita nne zinatosha. Mwishowe futa vumbi, pitisha kitambaa safi chenye asetoni, na usiguse tena kwa mkono mtupu.

Kiini kipya kinalazwaje?

Kata plaiwudi kuwa vipande vya mraba vya sentimita kumi au kumi na tano badala ya kipande kimoja kikubwa. Vipande vidogo hufuata mgongo wa kifuniko, hewa hutoka kwenye nafasi za kati, na siku maji yakiingia tena yatazuiwa na kuta za rezini zilizo kati ya kipande na kipande. Acha nafasi ya milimita tatu hadi tano kati yake. Paka kila kipande rezini pande zote sita na uiache inyonywe, kwa sababu mbao kavu hunyonya rezini ya gundi na kuacha kiungo kikiwa na njaa.

Laza mkeka mmoja uliolowa rezini ndani ya ganda, kisha paka juu yake rezini iliyokazwa kwa unga wa silika hadi iwe nzito kama siagi ya karanga. Kandamiza vipande kimoja kimoja kwa kuvizungushazungusha mpaka rezini ichomoze pembeni. Pasipochomoza rezini, pana hewa chini yake. Jaza nafasi zote, funika kwa nailoni, weka ubao, kisha weka uzito. Mawe hayajawahi kuadimika Mwanza. Lakini yasambaze sawasawa, maana jiwe moja kubwa katikati litabonyeza mgongo hata juu ya mchanga.

Ganda la zamani naweza kulirudisha?

Kama lilitoka zima, ndiyo, na baadhi ya mafundi hupenda hivyo kwa kuokoa gharama. Mimi hulitumia kama kielelezo cha kukatia mikeka tu, kwa sababu kulisafisha uozo wote ulioganda upande wake wa ndani huchukua muda mrefu kuliko kujenga jipya.

Nahitaji mikeka na rezini kiasi gani?

Chukua kifuniko cha sentimita 70 kwa 70, ambacho ni karibu nusu mita ya mraba. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa takriban milimita moja, kwa hiyo ganda la milimita tatu linahitaji mikeka mitatu, yaani gramu 660 hivi za faiba. Rezini ya mkeka ni mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa faiba, nayo ni kama kilo moja na nusu. Ongeza kilo moja na ushee kwa mkeka wa kulalia kiini, kwa kubandika na kujaza. Nunua kilo tatu na nusu ili ubaki na akiba.

Anza na kipande kidogo cha mkeka kinachofika ukingoni mwa shimo, kinachofuata kiupande mteremko kidogo, na cha mwisho kifike juu kabisa. Lowesha kwa brashi, kisha pitisha rola ya chuma kutoka katikati kwenda nje mpaka weupe wote upotee, kwani kila doa jeupe ni hewa. Kabla rezini haijawa ngumu kabisa, kata mabaki ya pembeni kwa kisu kikali. Jaribu kifuniko kwenye fremu yake kabla ya kupaka rangi. Kama ukingo umenenepa hata milimita mbili, raba haitakaza na yote uliyofanya yatakuwa kazi bure.

Uso bado unanata siku ya pili. Nimekosea?

Si lazima. Rezini ya kujengea haikauki juu inapoguswa na hewa, na kunata huko kunasaidia tabaka linalofuata kushika. Kwa tabaka la mwisho, tumia rezini yenye nta au lifunike kwa karatasi ya nailoni bila mikunjo. Ikiwa ni laini hadi ndani na kucha inazama, hapo hadina haikutosha au haikuchanganywa, na hakuna dawa isipokuwa kukwangua.

Nifanye nini ili matundu ya bawaba yasirudie yaleyale?

Hapa ndipo ningemwomba msomaji asome polepole, kwa sababu kazi yote ya juu hutegemea hili. Kwa bolti ya milimita 6, toboa tundu la milimita 12 kupitia kifuniko, ziba upande wa chini kwa utepe wa karatasi wenye gundi, jaza tundu lote kwa rezini iliyokazwa, subiri iwe ngumu, kisha toboa tena milimita 6 katikati yake. Bolti sasa imezungukwa na ukuta wa rezini, na maji yakipita kando yake yatatokea chini badala ya kuingia kwenye kiini. Tumia bolti, washa pana na nati badala ya skrubu, kwa kuwa skrubu hutegemea mbao na mbao huchoka.

Chini ya kichwa cha bolti weka gundi ya poliyuretani. Silikoni ya vioo huachana mapema, na mahali ilipogusa faiba, rangi na rezini hazishiki tena hata baada ya kufuta. Kaza nati kidogo, acha gundi iwe kama raba, ndipo ukaze kabisa. Ukikaza mara moja unaikamua yote nje.

Baada ya muda gani naweza kupakia samaki chini ya kifuniko hicho?

Harufu kali ya poliesta huingia kwenye barafu na samaki hata bila kugusana. Acha kifuniko juani na kwenye hewa kwa wiki moja, kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha kifunike juu ya shimo tupu usiku kucha. Asubuhi kifungue na unuse shimo. Ukisikia harufu, ongeza siku.

Kinga ipi ni ya lazima?

Miwani, glavu na barakoa ya vumbi wakati wa kusaga, na mahali penye upepo wakati wa kupaka. Hadina ikiruka jichoni huweza kupofusha. Osha palepale kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kusubiri gari, ndipo uende hospitali. Kwa hiyo kabla ya kufungua kichupa, hakikisha ndoo ya maji ipo karibu. Asetoni haipatani na sigara wala jiko la mkaa la mama ntilie aliye jirani, jambo ambalo kwenye mialo yetu yenye watu wengi husahaulika. Matambara yenye rezini yatumbukize kwenye maji, usiyarundike.

Lini ni afadhali kutengeneza kifuniko kipya?

Ganda la juu likiwa limepasuka sehemu nyingi, au ukingo wenyewe ukiwa umeoza na kuvimba pande zaidi ya mbili, acha. Utatumia vifaa vilevile kujenga kipya, na utapata umbo sahihi. Lakini usikitupe cha zamani mara moja: kipake nta mara kadhaa, kizibe matundu kwa puti, na ukitumie kama kalibu ya kujengea kile kipya. Ukilaminisha juu ya mgongo wake, kipya kitazidi cha zamani kwa unene wa ganda pande zote, kwa hiyo pima fremu kwanza uone kama nafasi hiyo ipo.